Makaa Yaliyoiva: Mhadhara kuhusu Kuilinda Nyumba na Gesi ya Kaboni Monoksaidi

Mhadhara uliotolewa mjini Njombe mbele ya wananchi, wauguzi, walimu na mafundi ujenzi, mwanzoni mwa majira ya kipupwe.



 Mji huu wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mtu haulizwi kwa nini anaota moto. Sikuja kumlaumu mzazi anayewasha jiko la mkaa ili watoto wake wasitetemeke usiku. Nimekuja kutetea hoja moja. Vifo tunavyovisikia kila kipupwe, vya familia kukutwa asubuhi zimelala moja kwa moja na jiko likiwa pembeni ya kitanda, vimeletwa na mabadiliko mawili yaliyoingia katika maisha yetu taratibu hata hatukuyashtukia: tuliacha kuni tukashika mkaa, na tuliacha nyasi tukashika saruji na bati. Badiliko la kwanza liliuondoa moshi, ambao ndio uliokuwa unatushtua. La pili liliziba njia ambayo sumu ilikuwa inatokea. Ikiwa ndivyo, kumwambia mtu awe mwangalifu hakutoshi, kwa sababu hana cha kuangalia. Inatakiwa kanuni isiyobagua usiku wala hali: moto haulali mahali wanapolala watu.

Kabla ya hoja zenyewe, tukubaliane juu ya jina. Habari hizi zinapotangazwa husemwa mara "hewa ukaa", mara "hewa chafu", mara "walikosa hewa". Hakuna hata neno moja hapo linaloitaja barabara sumu iliyowaua watu wale. Hewa ukaa ni ile tunayoitoa puani kila tunapopumua, na ndiyo inayofanya soda itoe mapovu. Ikizidi chumbani, mtu huhema kwa nguvu, hubanwa kifua, na kwa kawaida huamka. Aliyezibwa pua na mdomo naye hupapatika. Gesi ninayoizungumzia leo inaitwa kaboni monoksaidi, na tofauti yake na hewa ukaa ni chembe moja tu ya oksijeni: hewa ukaa inazo mbili, hii inayo moja. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiwashi macho, haikwaruzi koo, haimfanyi mtu apapatike. Naomba jina hilo tulizoee, kwa sababu mahali ambapo sumu haina jina hutafutwa mkosaji mwenye jina. Mnaijua minong'ono inayofuata msiba wa namna hii: mara chakula kilitiwa kitu, mara jirani ana mkono wake. Mauti ya nyumba nzima yasiyoacha jeraha wala dalili ya kupapatika ni rahisi kuyaita uchawi, na uchawi humtafuta mtu wa kuubeba.

1. Mkaa ulioiva ndio wa kuogopa

Desturi yetu ya kuwasha jiko kila mmoja wenu anaifahamu. Jiko huwashwa nje, hupepewa, huachwa moshi upungue. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, tunasema yameiva, ndipo jiko huingizwa ndani. Anayefanya hivyo anaamini kwamba hatari ameiacha uani pamoja na moshi. Ni imani yenye mantiki, kwa kuwa moshi unaumiza kweli, lakini imeegemea kitu kisichohusika. Moshi wa mwanzo ni mvuke, lami na masizi ya vipande ambavyo havikuungua sawasawa tanurini. Vikishateketea hivyo, kinachobaki ni kaboni karibu tupu yenye joto kali, na hapo ndipo kiwanda cha sumu kinapofanya kazi vizuri zaidi.

Tazameni jiko kwa makini. Hewa inaingia chini, penye mlango wa majivu. Oksijeni inakutana na makaa ya chini na kuzaa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo inapanda, na ikipita katikati ya makaa mekundu ya juu inanyang'anywa chembe moja ya oksijeni na kaboni iliyo njiani. Iliyoingia moja inatoka mbili, na zote mbili ni kaboni monoksaidi. Hili si jambo geni katika nchi yetu. Wafua chuma wa Ufipa, katika tanuri zao ndefu za udongo, walitegemea gesi hii hii: ndiyo iliyoing'oa oksijeni kutoka katika mawe yenye chuma na kuwaachia chuma chenyewe. Na katika jiko la nyumbani unaweza kuiona ikiungua: ni ule mwali mwepesi wa buluu unaochezacheza juu ya makaa. Mwali ule ukiwepo, sehemu ya gesi inateketea na kurudi kuwa hewa ukaa. Majivu yakifunika, joto likishuka, mwali wa buluu unazimika lakini makaa hayajazimika. Gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Kwa hiyo jiko lililofifia saa sita usiku, ambalo mtu analitazama na kusema "hili limeshakufa", halijaacha kutoa sumu, na hakuna jicho linaloweza kupima ni kiasi gani.

Mtu aweza kuuliza: je, jiko moja dogo linaweza kukijaza chumba? Tupige hesabu ambayo hata mtoto wa sekondari anaimudu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, kina mita za ujazo 22.5. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani, lilisema mtu asivute zaidi ya miligramu 100 za gesi hii katika kila mita ya ujazo kwa muda wa dakika 15, na kwa muda wa saa 8 isizidi miligramu 10. Zidisha 100 kwa 22.5: unapata miligramu 2,250, yaani gramu 2 na robo. Gesi ya uzito huo inatokana na takriban gramu 1 ya kaboni. Gramu moja! Kipande cha mkaa kisichozidi ncha ya kidole gumba. Jikoni mama ametia nusu kilo, gramu 500. Hata kama sehemu kubwa ya mkaa huo itaungua vizuri, kinachobaki kinatosha kuvuka kipimo hicho mara nyingi chumba kikiwa kimefungwa. Na kwa kipimo cha kulala usiku kucha, gramu ile moja igawe kwa kumi. Nimeipiga hesabu hii kwa sababu wengi hudhani ajali hutokea mtu akizidisha mkaa. La hasha, kiasi cha kawaida cha kuchemshia maji ya kuoga kinatosha na kusaza.

2. Nyumba imeziba

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la wazee. Wanasema: sisi tulizaliwa kando ya moto, tukalelewa na moto katikati ya nyumba, usiku kucha, na tuko hapa. Wanasema kweli, na jibu halipatikani kwa kuwadharau. Nyumba waliyolala ilikuwa na paa la nyasi. Anayeitazama nyumba hiyo asubuhi huona moshi ukichuja katika paa zima, na nyasi hufanya kazi ya dohani lenye upana wa nyumba yote. Kuta za fito na udongo zilikuwa na nyufa, na juu ya kuta, pale paa linapokutana na ukuta, palikuwa wazi. Tena moto wenyewe ulikuwa wa kuni, na kuni zina moshi. Hewa ikiwa mbaya, macho hutiririka, watoto hukohoa, mtu huamka akafungua mlango. Moshi ule uliharibu vifua na macho ya mama zetu, na sipendekezi turudi kwake. Nasema tu kwamba mfumo ule ulikuwa na njia ya kutolea gesi na ulikuwa na king'ora.

Linganisheni na nyumba tunayojenga sasa. Kuta za matofali zimepigwa lipu ndani na nje. Juu kuna dari ya jipsamu, viungo vyote vimezibwa. Madirisha ni ya aluminiamu na kioo, yanateleza na kufunga sawasawa. Chini ya mlango tumeweka kitambaa ili baridi isipenye. Yale matundu ya hewa ambayo mafundi wa zamani waliyaacha juu ya madirisha, leo mteja anaona yanaharibu sura ya nyumba, au anayaziba kwa magazeti ikifika Juni. Mafundi mlio hapa mnajua ni mara ngapi mmeombwa kuyaondoa katika ramani. Hakuna kosa katika kutaka nyumba nzuri yenye joto. Kosa ni kuichukua desturi iliyokua ndani ya nyumba inayopumua na kuihamishia, bila kuibadilisha hata kidogo, katika nyumba isiyopumua.

Ushahidi kwamba nyumba ndiyo yenye neno la mwisho unapatikana hata mbali. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika jimbo la Washington, Marekani, siku za baridi kali. Hospitali za eneo la Seattle zilipokea mamia ya watu waliodhuriwa na gesi hii, na wengi wao walikuwa wahamiaji walioingiza mkaa na jenereta ndani. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo katika ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Watu wale walifanya jambo ambalo kwao lilikuwa la kawaida, ila walilifanya katika nyumba zilizojengwa ili hewa isipite. Wenye ndugu huko nje wawapigie simu, maana mkaa wa kuchomea nyama unauzwa kila duka na umeme hukatika hata kwao.

Nitataja kwa haraka sehemu nyingine ambapo mkasa ni uleule. Chumba cha mama mzazi katika arobaini, ambacho hufungwa dirisha na kuwekewa jiko ili mtoto asipate baridi. Banda la vifaranga linalopashwa joto kwa mkaa, na kijana wa kulinda akalala humo humo. Jenereta iliyowekwa koridoni kwa kuogopa wezi au mvua. Gari linalopashwa moto ndani ya gereji iliyoungana na nyumba. Jiko la maharage linaloachwa lichemke usiku kucha ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Katika yote hayo kuna kitu kinachoungua, na kuna mtu anayepumua hewa ileile.

3. Mwili haupigi kelele

Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia hemoglobini, ile inayoipa rangi nyekundu. Kaboni monoksaidi hushikana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana kiasi kidogo hewani kinatosha: kila pumzi huongeza kidogo, na kilichokwisha kuingia hakitoki upesi. Baada ya saa kadhaa, mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu inazunguka bila mzigo wake. Ubongo na moyo, ambavyo havivumilii njaa ya oksijeni, ndivyo vinavyoumia kwanza. Na hapa ndipo penye msiba mkubwa zaidi. Kiungo ambacho kingemwambia mtu "ondoka humu" ni ubongo, na ubongo ndio unaopofushwa. Anayeanza kudhurika akiwa macho huchoka, miguu hulegea, huona afadhali akae kidogo. Aliyelala huendelea kulala.

Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliishi na gesi hii vizazi kwa vizazi, na bado hawakuweza kuitambua kwa hisia zao. Mwaka 1896, baada ya mlipuko katika mgodi wa Tylorstown huko Wales, mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza maiti na kuonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na kaboni monoksaidi iliyobaki baada yake. Alipendekeza wachimbaji wabebe wanyama wadogo, ambao hudhurika mapema kuliko binadamu, na migodi ya Uingereza iliendelea kubeba ndege aina ya kanari hadi mwaka 1986, vilipoingia vifaa vya umeme. Ikiwa mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka thelathini chini ya ardhi alihitaji ndege wa kumwonya, kwa haki gani tunamtaka mama aliyechoka na kazi za siku nzima aitambue gesi hiyo akiwa usingizini?

Waganga na wauguzi, sehemu hii ni yenu zaidi. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Katika nchi yetu mtu akija na orodha hiyo, sote tunawaza malaria, na kama ni kipupwe tunawaza mafua. Anapimwa, anapewa dawa, anarudishwa kwenye chumba kilichomdhuru. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni nacho kinapotosha, kwa sababu hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kuzimia. Wala msisubiri ngozi iwe nyekundu kama vitabu vinavyosimulia. Kwa mtu aliye hai dalili hiyo ni nadra. Kipimo kilicho karibu ni maswali. Je, kuna wengine nyumbani wanaoumwa vivyo hivyo siku hiyo hiyo? Unapata nafuu ukitoka nje? Jiko mnalilaza wapi? Homa haiwaangushi watu watano katika usiku mmoja na kumwacha yule aliyelala nyumba ya uani.

Na kwa sisi sote, msaada wa kwanza ni hewa. Anayewakuta watu katika hali hiyo asiingie na kuketi akiwapepea. Afungue milango na madirisha, ashike pumzi, awavute nje, kisha jiko litolewe. Maziwa hayasaidii, wala maji ya kumwagia, kwa kuwa sumu iko katika damu, haiko tumboni. Kinachoiondoa ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua takriban saa 4 hadi 5 kwa nusu ya gesi kutoka katika damu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo apelekwe hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa, na mpelekaji atamke waziwazi, "Jiko lilikuwa ndani." Mjamzito awe wa kwanza hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu gesi hukawia zaidi katika damu ya mtoto aliye tumboni. Wapo pia wanaopona na kurudi kazini, kisha baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa wakaanza kusahau, kukasirika ovyo au kuyumba wanapotembea. Ndugu wasilichukulie hilo kuwa tabia mpya. Ni ubongo ulioumizwa, na unahitaji kuonwa na daktari.

4. Mapingamizi na kinga

Watu husema: nitaacha dirisha wazi kidogo. Hili ndilo jibu la wengi, hata la baadhi ya matangazo ya kuelimisha, na nadhani linaua. Fikirini sababu ya jiko kuingizwa ndani: ni baridi. Dirisha lililo wazi kiasi cha kuondoa gesi litaondoa na joto, na jiko litakuwa halina kazi. Kwa hiyo mtu hufungua kidogo, na usiku wa manane mtoto akilia baridi hufunga. Hata likibaki wazi, hewa haiendi kwa matakwa yetu. Inategemea upepo, na usiku ambao upepo haupo, mwanya wa vidole viwili hauna ahadi yoyote. Kupika mchana mlango na madirisha yakiwa wazi pande mbili, mtu akiwa macho, ni jambo moja. Kulala ni jambo jingine kabisa.

Wengine huweka beseni la maji au majani mabichi karibu na jiko wakiamini yatainyonya gesi. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kidogo mno, na majani hayaigusi. Wengine hulala chini sakafuni wakidhani gesi hupanda juu. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo hujichanganya chumba kizima, kitandani na sakafuni. Kuna wanaosema wamenunua jiko bora la udongo lenye kuta nene. Jiko hilo ninalisifu kwa kuokoa mkaa na fedha, lakini halina dohani. Kinachotoka kinatokea chumbani. Wanaotumia mtungi wa gesi nao wasibweteke kwa kuwa wanajua harufu ya gesi ikivuja. Harufu ile imetiwa makusudi kiwandani ili uvujaji utambulike, na haina habari na kaboni monoksaidi inayozaliwa gesi inapoungua vibaya. Mwali wa buluu uliotulia ni mwema. Ukiwa wa njano na masufuria yanashika masizi, mwite fundi. Na mtambo wa gesi wa kupashia maji ya kuoga usifungwe ndani ya bafu lisilo na dohani la kutoa moshi nje, hata kama aliyeufunga anasema amefunga mingi.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba yote haya ni umaskini, na mtu akiwa na uwezo hatari itamkimbia. Mwandishi Émile Zola alikufa mwaka 1902 nyumbani kwake Paris, akiwa mashuhuri na mwenye mali, kwa gesi hii hii, baada ya dohani la chumba chake cha kulala kuziba. Fedha hubadilisha chombo. Jenereta na mtambo wa maji moto ni vyombo vya wenye nacho. Hata hivyo sehemu ya pingamizi hilo naikubali bila kinyongo. Mpangaji wa chumba kimoja haingizi jiko ndani kwa kupenda. Nje litaibiwa. Nje kuna mvua. Makaa yaliyobaki ni fedha aliyoilipa na anataka yamfae asubuhi. Kumwambia "lilaze nje" bila kumjibu hayo matatu ni kumwongezea mzigo. Basi tumjibu. Makaa yaliyobaki yazimwe kwa kufunikwa nje, ndani ya debe la bati lenye mfuniko unaobana. Bila hewa yatazimika na asubuhi yatawashwa tena. Kuyafunika kwa majivu jikoni hakuyazimi, kunayaficha tu. Jiko lililokwisha kumwagwa makaa na kupoa liingie ndani kama sufuria nyingine, mwizi asilipate. Na mwenye nyumba za kupangisha ajenge kibanda cha kupikia uani, chenye paa na mlango wa kufuli. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya nyumba aliyokwisha kuijenga, na serikali ya mtaa inaweza kabisa kulidai hilo.

Kuhusu vitambuzi vya umeme vinavyopiga king'ora, mimi navikubali kwa nyumba yenye mtambo wa gesi wa maji moto, jenereta au gereji iliyounganishwa. Vibandikwe karibu na vyumba vya kulala, na vibadilishwe muda wake ukiisha, maana sensa huchoka. Lakini kitambuzi hakimpi mtu kibali cha kulala na jiko la mkaa. Ndani ya chumba chenye jiko kitalia kila jioni, na mwenye nyumba atatoa betri. Na kitambuzi cha moshi ni kifaa kingine. Gesi hii hakiioni.

5. Kuelekea kipupwe kijacho

Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ila kwa nyanda zetu hizi, kuanzia Makete na Njombe hadi Mbeya na Lushoto, naona pengo ambalo inafaa sisi wenyewe tulisemee. Mkakati unahusu kupika. Jiko la mkaa huku lina kazi mbili, na familia inaweza kupata mtungi wa gesi leo, ikapikia gesi, na bado ikabaki na mkaa wa kuotea. Tusipouliza swali la joto, tutafika mwaka 2034 tumesafisha jikoni na kuacha sumu chumbani.

Na swali la joto lina majibu. Chakula cha moto karibu na saa ya kulala, chupa ya maji ya moto iliyovikwa kitambaa, watoto kulala pamoja chini ya blanketi zito, godoro lililoinuliwa kutoka sakafuni: hayo yanaanza leo usiku. Ya kesho ni ya mafundi na madiwani. Moto ukiwa ndani, nyumba haiwezi kuzibwa bila kuhatarisha uhai, kwa hiyo tumeishi kati ya kuganda na kufa. Moto ukishatoka, tunaweza kuizuia baridi bila hofu: dari inayohifadhi joto, pazia zito, mlango unaofunga sawasawa, sebule yenye dirisha linalopokea jua la mchana, na tundu dogo la hewa kwa ajili ya pumzi za watu. Napendekeza kabla ya Juni ijayo kliniki zetu za wajawazito ziingize swali la jiko katika maswali ya kawaida wanayoulizwa akina mama, na halmashauri, inapopitisha ramani ya nyumba ya kupangisha, idai kuona kibanda cha kupikia kimechorwa. Mafundi ningependa tuketi nao wiki hii, kabla hawajatawanyika, watueleze dari yenye kuhifadhi joto inaweza kupigwa kwa vifaa gani vinavyopatikana hapa Njombe, na kwa bei gani.